Fundi, kitasa na programu yangu

Nimekuwa kimya siku kadhaa, samahani wasomaji. Jumamosi upepo ulibamiza mlango, funguo zikabaki ndani, na maharagwe yalikuwa yanachemka kwenye gesi. Jirani akasema tuvunje. Nikamwita fundi wa vitasa.

Alichomeka kichuma kilichopindwa, akakikaza kidogo tu kama anayezungusha ufunguo, kisha akaingiza waya mwembamba na kuinua pini moja moja. "Sikiza, bosi." Tik. Kumbe kitasa hakichongwi sawasawa kabisa: ukikaza, pini moja hukwama kabla ya wenzake. Ukiinua hiyo mpaka kimo chake, inakaa hapo, unatafuta nyingine.

Hapo nikashtuka. Tuseme pini tano, kila moja vimo kumi: hizo ni funguo 100,000. Lakini kitasa kikikujulisha kila pini inapokaa, majaribio hayazidi 50! Na programu niliyomwandikia mteja mmoja ililinganisha neno la siri herufi kwa herufi, ikikoma mara ikikuta kosa. Mwenye kupima muda wa jibu angejua amepatia herufi ngapi.

Maharagwe yaliungua. Kitasa hakina hata mkwaruzo. Programu niliirekebisha usiku huo huo. Mteja bado sijamwambia.