Programu Ilipokataa Kufungua Faili

Wengi mmetuuliza vijana wa darasa la kompyuta waliitengenezaje ile programu ya kujumlisha alama za mtihani. Imeandikwa kwa lugha ya C, iliyoundwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni lugha ya zamani, na haimwonei huruma mzembe.

Programu hii hupewa jina la faili pale pale inapoitwa, katika mstari wa amri. Ilipojaribiwa mara ya kwanza ilizimika ghafla bila kusema neno. Vijana wakaanza kubahatisha; mmoja analaumu kompyuta, mwingine anataka kuandika yote upya. Tukawaambia: kwanza iulizeni imepokea nini. Wakachapisha argc, yaani idadi ya maneno yaliyofika, ikatoka 3 badala ya 2. (Jina la programu yenyewe nalo huhesabiwa, na hukaa katika argv[0].) Kumbe faili waliliita alama zetu.txt, na ile nafasi ya katikati imelikata jina vipande viwili! Wakalifunga jina lote kwa alama za kunukuu, argc ikawa 2.

Bado ikakataa. Hapo wakaongeza sharti ambalo kwa maoni yetu halifai kukosekana katika programu yoyote: fopen ikirudisha NULL, usiendelee kusoma, bali ita perror ikutajie sababu. Ikajibu kwamba hakuna faili la jina hilo. Vipi, nasi tunaliona kwa macho? Ni kwamba Windows ilikuwa imeficha herufi za mwisho wa jina. Aliyelihifadhi aliongeza .txt kwa mkono, na kompyuta ikaongeza yake, likawa alama zetu.txt.txt.

Lakini lililotutia hofu lilikuja baadaye. Kijana mmoja alitaka kuongeza alama za wenzake wawili waliochelewa, akafungua faili kwa "w". Herufi hiyo hufuta yaliyomo mara tu faili linapofunguliwa, hata kabla hujaandika kitu. Ya kuongezea mwishoni ni "a". Alama za darasa zima zikatoweka, na siku ya wazazi imebaki siku mbili.

Alhamdulillahi, mwalimu mwenzetu alikuwa nazo zote katika daftari lake, kwa kalamu. Wasichana wawili wakakaa tangu adhuhuri hadi alasiri wakiziingiza upya. Siku hizi faili hunakiliwa kwanza, ndipo programu iendeshwe.