Daftari la Dobi

Baba yangu alikuwa dobi katika kambi ya ndege za Waingereza pale Eastleigh, Nairobi. Kaka yake mama aliingia msitu wa Nyandarua mwaka 1953 na hakutoka. Mimi ni mtoto wa nyumba hiyo moja, nyumba ya Kaloleni, na kwa miaka mingi nilichorithi kwa wawili hao kilikuwa chuki: chuki ya ndege zile na ya kila aliyezirusha. Naandika kueleza jinsi chuki hiyo ilivyogeuka ikawa kazi, kwa sababu kazi yenyewe naifanya mpaka leo na peke yangu siiwezi.

Niwaeleze kwanza ndege zenyewe, maana vijana wanaopita kando ya ua wa kambi ya Moi, Eastleigh, hawajui kilichowahi kurukia pale. Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliodai ardhi na uhuru, ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka uliofuata, ndege ndogo za kufundishia marubani, Harvard, zilifungwa mabomu ya kilo tisa tisa na kupelekwa Mweiga, karibu na Nyeri. Mwishoni mwa mwaka huo zikaja Lincoln. Lincoln ilitokana na Lancaster, ile ndege iliyochoma miji ya Ujerumani, na ilikuwa kubwa kuliko hiyo: injini nne, watu saba ndani, tumbo la kubeba mabomu ya ratili 500 na ya ratili 1,000. Ilibuniwa kwa ajili ya vita vya Ulaya na Asia, vita vikaisha kabla haijaingia kazini. Vikosi vilitoka Uingereza kwa kupokezana, vikaruka kutoka Eastleigh hadi katikati ya mwaka 1955 kwenda kumwaga mabomu juu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Misitu hiyo ilikuwa imetangazwa eneo la marufuku. Aliyeonekana humo aliweza kuuawa bila kuulizwa jina.

Mama alikuwa msichana upande wa Kangema, Murang'a. Anasema ndege zile zilipopita, ng'ombe walikata kamba. Baadaye ndio ulikuja mngurumo, kule juu msituni, na bibi yangu alikuwa akiacha kazi yoyote aliyokuwa nayo mkononi mpaka unyamaze.

Mjomba alikuwa akiishi Bahati, chumba kimoja na wenzake watatu, kabla hajaondoka. Tarehe 24 Aprili 1954 majoni, askari wa Kiingereza, waliuzingira mji mzima, wakaanza kufagia Bahati, Shauri Moyo, Pumwani, Kaloleni, Ziwani, mtaa kwa mtaa. Hiyo ndiyo Operesheni Anvil. Watu walipangwa mstari mbele ya gakunia, yule mtu aliyefunikwa gunia kichwani, akitikisa kichwa kuonyesha nani ni wa Mau Mau. Wenzake Mjomba wa chumba kimoja walipelekwa kambi ya Lang'ata, kisha kizuizini Manyani. Vitu vyake, koti la baridi, jiko la mafuta na sanduku la mbao, vilitupwa nje pamoja na vya wenzake, na hakuna aliyejua vilikoishia.

Sasa upande wa baba. Yeye alitoka Kakamega, na kwa kuwa hakuwa Mkikuyu, Anvil ilimwacha. Asubuhi alikwenda kambini kwa miguu, akafua na kupiga pasi mashati ya wanahewa. Kila shati lilikuwa na nambari ndani ya kola, na kila nambari ilikuwa na ukurasa wake katika daftari la dobi: mashati mangapi yameingia, soksi ngapi zimetoka. Februari 1955 Lincoln moja ya kikosi cha 49 ilianguka karibu na Githunguri, Kiambu, ikiruka chini mno. Wanahewa waliokuwamo walikufa, na watu waliokuwa chini walikufa pia. Baba alinisimulia mara moja tu kilichofuata. Sajini alikuja kwenye chumba cha pasi na karatasi. Nguo za marehemu mmoja zilikuwa bado majini. Baba aliambiwa azikaushe, azipige pasi, azihesabu, na sajini akaandika kila kitu, mpaka leso, mpaka soksi moja iliyokuwa imepotelewa na mwenzake. Orodha ile, baba aliambiwa, ingekwenda kwa wazazi wake Uingereza pamoja na nguo. Baba alitia kidole gumba kuthibitisha hesabu.

Mama alikuwa akimsikiliza siku hiyo. Hakusema neno. Alisimama akaingia jikoni.

Basi nilikua nikiwa na hasira, na hasira ile siijutii, ilikuwa na sababu. Nilipokuwa mwalimu nilikataa kuwapeleka watoto kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa, kila jiwe na jina, cheo, umri na tarehe. Niliona ule usafi kama tusi. Mwaka 2013 Waingereza walipokubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa katika kambi za kizuizini, na mwaka 2015 mnara wa Mau Mau uliposimamishwa Uhuru Park, nilifurahi pamoja na nchi nzima. Lakini waliolipwa ni waliokuwa hai wa kusimama mbele ya wakili. Mjomba hangeweza kudai.

Aliyenigeuza ni binti ya dada yangu. Ni muuguzi, na kazi ilimpeleka Lincoln, Uingereza, mji ule ule uliozipa ndege zile jina. Siku moja alinitumia picha kwenye simu. Juu ya kilima kuna mnara mwembamba wa chuma, mita 31 kwenda juu, urefu sawasawa na upana wa mabawa ya Lancaster. Unazungukwa na kuta za chuma chenye rangi ya kutu, kama mabati ya zamani ya Gikomba, na kuta hizo zimetobolewa majina. Majina karibu 58,000. Ni ya waliokufa wakihudumu katika kikosi cha ndege za mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia. "Mjomba," akaniandikia, "hapa ukitaja jina moja wanakwambia hata alipaa saa ngapi."

Nilitaka kuifuta picha ile. Nikaanza kusoma badala yake, usiku baada ya usiku, na nilichosoma hakikuwa nilichotarajia. Katika wanahewa kama 125,000 walioruka na ndege za kikosi hicho, 55,573 walikufa, yaani karibu nusu. Zamu moja ilikuwa safari 30, na kulikuwa na miezi ambayo kijana aliyeanza zamu hakuwa na matumaini ya kuimaliza. Usiku wa tarehe 30 Machi 1944 ndege 795 ziliondoka kwenda Nuremberg, 95 hazikurudi. Wengi wa waliokufa hawakuwa wamefika miaka 25. Na si wote waliokuwa Waingereza. Johnny Smythe wa Freetown, Sierra Leone, Mwafrika mwenzetu, alikuwa akiongoza njia ndani ya ndege ya mabomu ilipotunguliwa juu ya Ujerumani mwaka 1943. Alishikwa, akafungwa, akarudi, akawa mwanasheria mkuu wa nchi yake.

Sikusahau waliokuwa chini. Hamburg, Julai 1943, watu zaidi ya 30,000 waliungua na kukosa hewa. Dresden, Februari 1945, hadi 25,000. Wanawake na watoto kwa wingi. Huruma niliyoipata kwa vijana wale haikuwaondolea walichofanya, wala sitaki iwaondolee.

Kilichonishika hasa ni ile kazi ya kuhesabu. Kwa kila ndege iliyopotea kuna nambari ya ndege, kikosi, uwanja ilikopaa, shabaha iliyotumwa, mahali ilipoanguka, na kila mtu aliyekuwamo na kaburi lake au ubao uliochongwa jina lake. Watu wa kawaida, watoto wa marehemu, wastaafu, walikaa miaka wakilinganisha barua na rejista. Hapo ndipo kitu kilipogeuka ndani yangu. Nilikuwa nimewachukia kwa kuwa na majina. Nikaanza kutaka tuwe na yetu.

Maana tazama mitaa yetu. Kariokor imetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, makumi ya maelfu ya Waafrika waliokufa kwa homa, njaa na kuhara wakibebea majeshi mizigo. Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba Waafrika hao hawakuandikwa majina kama walivyoandikwa wazungu, na ikaomba radhi. Burma, pale tunaponunua nyama, imetokana na askari waliorudi kutoka msitu wa Burma. Takwimu za kikoloni zinasema wapiganaji zaidi ya 11,000 waliuawa katika Hali ya Hatari. Ni hesabu tu, haina majina. Hata Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, jina lake lina mtaa hapa Eastlands na sanamu mjini, lakini kaburi lake halijulikani.

Nilinunua daftari kubwa lenye jalada gumu, nikachora safu. Nilizichukua kwa Waingereza: jina, jina la baba, kijiji, mtaa wa Nairobi na chumba, aliyemwona mara ya mwisho, mahali, lini, na nani ametoa habari. Jina la kwanza ni la Mjomba. Hapa silitaji, kwa kuwa tumekubaliana na jamaa zote kwamba majina yatatoka pamoja, au yasitoke.

"Lini" ndiyo safu ngumu. Wazee hawataji tarehe. Wanasema alionekana kabla ya kupelekwa vijijini, au wakati wa kuchimba handaki la kuzuia msitu, au baada ya kushikwa Jenerali China wa Mau Mau. Nikajifunza kupanga: China alishikwa Januari 1954, Anvil ilikuwa Aprili, amri ya kuwatoa watu kwenye maboma yao na kuwaingiza vijijini ilitoka Juni mwaka huo, Kimathi alishikwa Oktoba 1956. Mama aliposema kaka yake alituma salamu mara ya mwisho "mahindi yakiwa mabichi, tukiwa bado kwenye boma letu," niliweza kuandika: yapata 1954. Kwake yeye ilikuwa mara ya kwanza kuona kupotea kwa kaka yake kukiwa na mwaka. Aliniomba nimsomee mstari ule tena.

Kuna waliokataa, na siwalaumu. Katika kijiji kimoja, nyumba hii ilitoa mpiganaji na ile ikatoa homugadi, askari wa kijiji wa upande wa serikali, na wajukuu sasa wameoana. Bwana mmoja wa mtaa wa Jericho aliniuliza kama baba yake, homugadi aliyeuawa usiku mlangoni kwake, ana nafasi. Nilimwandika. Wengine walinikasirikia, wawili wakataka jamaa zao waondolewe. Bado naamini nilifanya haki: daftari linauliza nani hakurudi.

Nikamwuliza mama kuhusu wale wanahewa wa Githunguri. Ana zaidi ya miaka 80, na masikio yake ni mazima.

"Mama zao waliambiwa?" akauliza.

"Waliambiwa, Mama. Na nguo walirudishiwa. Baba ndiye aliyezipiga pasi."

"Basi hao wameshaandikwa, mwanangu. Andika wetu."

Nilimtii kwa sehemu kubwa. Wanahewa wale wana ukurasa mmoja, mwishoni, kwa sababu walifia katika ardhi yetu na kwa sababu baba aliweka kidole chake kwenye orodha ya mmoja wao. Siwachukii tena. Walikuwa vijana waliotumwa, na waliowatuma walistarehe. Lakini juu ya ukurasa huo nimeacha mistari mitupu kwa watu waliouawa chini na ndege ile ile, siku ile ile. Majina yao sijayaona katika kumbukumbu yoyote niliyosoma.

Hao ndio ninaowatafuta sasa. Kama una jamaa Githunguri aliyekuwa amekua vya kutosha kukumbuka mwaka 1955, muulize ndege iliangukia shamba la nani, nani alizikwa wiki ile, na wapi. Muulize upesi, kwa sababu waliokuwa na miaka 15 siku ile sasa wamepita 80, na wengine wao tunawazika kila mwezi. Andika anavyosema, kwa maneno yake, na uandike pia jina lake yeye aliyesema.