Sare ya Shule na Dini ya Mtoto



Huenda utauliza, "Bwana Shamba anatafuta nini katika mambo ya sare?" Kweli, kazi yangu ni mahindi na mifugo. Lakini mimi pia ni mzazi. Tena nikizunguka vijijini saa za masomo, hukuta wasichana wakichunga mbuzi. Ukiwauliza, mmoja atakuambia alirudishwa nyumbani kwa ajili ya kitambaa cha kichwani.

Sare ni kitu chema. Mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wakivaa nguo moja, hakuna wa kumcheka mwenzake. Basi fikiri: msichana akivaa sare hiyo hiyo, kisha akafunika kichwa kama dini yake inavyomwagiza, sare imeharibika wapi?

Jambo hili lilifika mahakamani. Katika shule moja ya sekondari huko Isiolo, iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodisti, wasichana Waislamu waliomba kuvaa hijabu pamoja na sare. Kesi ilianza mwaka 2014. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ililipa Kanisa ushindi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki wasichana. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu hiyo, kwa sababu madai ya hijabu hayakuletwa kwa njia inayotakiwa na sheria. Hesabu miaka hiyo. Aliyekuwa kidato cha kwanza alikuwa amekwisha maliza shule. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Mwaka huo wa 2019, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua msichana Mrasta aruhusiwe kusoma na nywele zake zilizosokotwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dini. Haimtaji Mkristo peke yake, wala Mwislamu peke yake.

Mwalimu mkuu naye ana hofu yake. Akiruhusu jambo moja leo, kesho ataombwa kumi. Kwa hiyo msigombane langoni. Kabla shule haijafunguliwa, nendeni mkakae na halmashauri ya shule. Pataneni juu ya kitambaa: rangi yake ilingane na sare, na urefu wake ujulikane. Mapatano yaandikwe. Wewe sasa unajua kusoma. Yasome mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Na wakati wakubwa wanazungumza, mtoto awe darasani.