Meza ya Inchi 26

Mpwa wangu, binti wa dada, alikuja kukaa kwetu akisubiri matokeo ya kidato cha sita, tukampa chumba chenye meza yangu ya kompyuta. Haikupita muda akaniita. "Mjomba, huu ubao unaovutwa chini ya meza ni wa kusukumia chapati?" Nikamwambia ni wa kibodi. Akacheka, akaniuliza kwa nini kibodi isikae juu ya meza kama ya watu wengine.

Swali halikuwa la kijinga. Aliyekulia kwenye skrini bapa hana sababu ya kujua kwamba monita ilikuwa na mgongo. Ile ya inchi 15 ilirudi nyuma kama inchi 16 hivi, na uzito wake ulizidi kilo 10. Ukiiweka juu ya meza ya kawaida yenye upana wa futi mbili, inabaki nafasi ya kuegemeza viganja na kikombe cha chai, basi. Kibodi itakaa wapi? Ndiyo maana ikashushwa chini, kwenye ubao wake wa kuvuta. Lakini hilo ni nusu ya jibu, na hiyo nusu nyingine niliipata Keko kwa mzee mmoja ambaye hakuwahi kugusa kompyuta.

Kompyuta yangu ya kwanza niliinunua mwaka 1997. Mke wangu anashikilia kuwa ni 1998, kwa sababu anakumbuka mvua za Elinino na meza iliyochelewa kwa ajili ya mvua hizo. Nikaangalia: mvua zilianza miezi ya mwisho ya 1997 zikaingia hadi 1998. Basi tuuache mwaka. Ilikuwa kompyuta iliyotumika, kutoka ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha vifaa, pamoja na printa ya utepe iliyopiga kelele hadi jirani akajua nachapa ukurasa wa ngapi. Nilikuwa nachapa tasnifu za wanafunzi wa Mlimani na kutafsiri vijitabu vya afya. Enzi hizo chumba cha kompyuta ulikiingia baada ya kuvua viatu mlangoni, na ndani kulikuwa na baridi ya kiyoyozi iliyowekwa kwa ajili ya mashine, si kwa ajili yako. Nyumbani hatukuwa na kiyoyozi, ila heshima ilikuwa ileile. Mke wangu aliifumia monita kitambaa kinacholingana na cha redio na vya makochi. Ilikaa juu ya meza ya chakula, sisi tukawa tunakula kwenye mkeka.

Meza za kompyuta za dukani zilikuwapo Kariakoo. Zilikuwa za chipubodi iliyobandikwa karatasi yenye picha ya mbao, na zilimeta kweli. Rafiki yangu alikuwa nayo, nikaona ilivyomfanyia. Watu wa Dar es Salaam tunapiga deki kila asubuhi, tena kwa ndoo nzima ya maji, na chipubodi ni chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Maji yanaingia kwenye ukingo wa chini, miguu inavimba, karatasi inabanduka, skrubu zinakosa pa kushika. Ongeza unyevu wa pwani na uzito wa monita: rafu ya katikati ikapinda huku mwenyewe akiitazama. Ile meza ilibuniwa na mtu asiyepiga deki.

Nikaenda Keko.

Anayeijua Keko ya leo anajua makochi yaliyopangwa kando ya Barabara ya Chang'ombe, vitambaa vyake vikifunikwa nailoni. Mzee hakuwa wa kando ya barabara. Ulipita kwanza kwa wachonga vitanda, kwa fundi wa kunoa misumeno, kwa mama wa chai, ndipo ukalikuta banda lake la mabati chini ya mwembe. Jina lake silitaji, maana wanawe sijawaomba ruhusa. Ulijua umefika kwa pua. Mninga ukirandwa unatoa harufu ya utamu wa mbali, isiyo ya maua wala ya chakula, na pale ilichanganyika na spiriti ya vanishi, gundi inayochacha na tangawizi ya chai ya yule mama. Mvule ulikuwa na yake, kali zaidi, na vumbi lake liliwasha pua hadi ukapiga chafya mlangoni. Maranda yalifika kifundo cha mguu. Mpaka leo nikipita karibu na mashine ya kuranda mahali popote, nageuka.

Mzee alikuwa na fulana moja ya bluu, penseli sikioni, na tabia ya kumaliza anachokifanya kabla ya kuitikia salamu. Ulisema "Shikamoo Mzee", randa ikaenda mpaka mwisho wa ubao, ikarudi, ndipo "Marahaba, kijana." Wateja wenye haraka walichukia jambo hilo. Nadhani ndiyo sababu alikuwa akifanya hivyo.

Nilimpelekea mchoro niliouchora kwa rula kwenye karatasi ya grafu. Nilitaka plaiwudi ya milimita 18. Hoja zangu zilikuwa nzuri: imenyooka, haipindi, na shiti moja ya futi 8 kwa 4 ukiipasua katikati kwa urefu inakupa uso wa meza na kipande cha rafu bila kutupa kitu. Mzee aliutazama mchoro, akaugeuza, akaniuliza, "Hiyo mashine ina kina gani?" Nikamwambia. Akauliza na mikono yangu itakaa wapi. Shiti ukiipasua katikati inakupa inchi 24 tu. Yeye aliona meza inahitaji 28, na ukikata 28 kwenye plaiwudi unabaki na utepe wa inchi 20 usiotosha kazi ya maana. Mbao nne za moja kwa nane, zikisharandwa kingo na kuunganishwa, zinafika 28 na kitu. Hapo hesabu yenyewe ikauchagua mninga.

Sikukubali upesi, tukabishana kwa vikombe kadhaa vya chai. Nikasema kwa nini isiwe mkongo, maana nilikuwa nimeuona mlango wa mkongo usiosikia mvua wala jua. Akasema mkongo ni wa mlango kwelikweli: mzito, mgumu, una unga wa manjano kwenye vinyweleo vyake unaoweza kudoa ukilowa. Mvule? Mzuri, ila una mawe ndani, na akanionyesha meno ya msumeno yaliyovunjika kwa ajili ya jiwe lililojificha katikati ya ubao. Paina ya Sao Hill ilikuwa nafuu, nyepesi, yenye macho mengi na utomvu, na yeye aliiita mbao ya kenchi, akimaanisha ikae darini huko isionekane. Mninga ndio uliokuwa umetulia. Ukishakauka hausinyai wala kutanuka sana kama mbao nyingi za kwetu, na pwani, ambako hewa inabadilika kutoka kusi hadi kaskazi, utulivu ni sifa kubwa kuliko ugumu.

Lakini uwe umekauka. Mbao zake zilitoka bara, nyingi Tabora, naye alizipanga kivulini kwa vijiti katikati ili hewa ipite, vichwani amezipaka rangi zisipasuke, na kila mrundo ameuandikia tarehe kwa penseli. Ubao wa inchi moja alikaa nao karibu mwaka mzima. Mvua za mwaka ule zilimharibia hesabu, na hata baada ya meza kuungwa hakutaka kuipaka vanishi, kwa sababu vanishi ya spiriti ikipakwa kwenye unyevunyevu inafanya ukungu mweupe usiotoka. Tukaendelea kula mkekani.

Sasa ile nusu ya pili ya jibu. Siku ya kupima, Mzee hakupima kompyuta. Alinikalisha kwenye kiti, akaniambia nikunje viwiko kama ninachapa, akashusha futi kutoka kwenye kiwiko mpaka sakafuni. Ikasoma 26 na robo. Akaandika 26. Nikamwambia meza zote nilizoziona zina inchi 29 au 30. Akasema hizo ni za kuandikia kwa kalamu. Kumbe ujanani alifanya kazi kwenye karakana moja ya serikali iliyotengeneza samani za maofisi, na huko meza ya karani ilikuwa na kimo chake, ya mpiga taipu ikawa na chake, chini kwa inchi tatu hivi, kwa sababu taipureta ina kimo cha peke yake na anayechapa kutwa mabega juu anaishia hospitali. Hakujua kompyuta ni nini, ila mtu anayechapa alimjua vizuri sana. Kwake ile mashine yangu ilikuwa taipureta iliyokatwa vipande viwili, kimoja cha kutazama na kimoja cha kubonyeza, basi kila kipande kipewe kimo chake. Uso wa juu 29, ubao wa kibodi 26.

Yaliyobaki aliyabuni kwa kuuliza maswali. Nani anapiga deki? Basi sanduku la CPU likapewa jukwaa la inchi nne kutoka sakafuni, na nyayo za miguu ya meza zikapakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa. Umeme unakatika? Basi rafu ya yuu-pii-esi upande wa kushoto, karibu na mguu, kwa kuwa betri ni nzito. Nyaya zinapita wapi? Akachukua keekee, akatoboa tundu nyuma, akaliviringisha msasa hadi likawa laini. Kila ubao aliutoa ile sehemu nyeupe ya ukingoni, ambayo dumuzi wanaipenda, akabakiza kiini chekundu tu. Miguu aliiunga kwa ulimi na tundu, bila msumari. Uso hakuupigilia: aliushika kwa vipande vya mbao vyenye matundu marefu, skrubu zikapata nafasi ya kusogea kidogo majira yakibadilika. Watoto wa meza wawili, pembe zake zimeumana kwa mkia wa njiwa. Nilipouliza kama pembe hizo zina ulazima, alirudi kwenye randa yake.

Miaka ya 2000 nitaipita haraka, kwa sababu ilijipita yenyewe hivyohivyo. Vikaja vibanda vya intaneti, kila mtaa na chake, mtu akataka meza 20 kwa wiki moja. Hakuna aliyepima kiwiko. Mafundi walipima upana wa sanduku la CPU, wakaongeza nafasi ya goti, wakapasua shiti katikati, wakagawa vijichumba kwa chipubodi. Kimo kikawa 30 kwa wote, mtoto na mtu mzima. Wale vijana waliokuwa wakikaa humo usiku kucha mabega yamefika masikioni sasa ni watu wazima, na sishangai wakilalamika shingo. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, malori ya Kilwa na Rufiji yakaanza kushusha mkongo na mninga mjini kwa wingi, mafundi wakachekelea, lakini wingi ule haukudumu na bei haikurudi ilikokuwa. Ikaja skrini bapa, ikaja kompyuta mpakato, ikaja simu. Mzee akafariki. Banda likawa ghala la matairi, na mwembe haupo.

Mpwa wangu naye anataka meza. Ameniletea picha simuni: meza nyeusi yenye taa za rangi ukingoni, inayokuja ndani ya boksi na kifunguo kidogo cha pembe sita. Nikamwambia twende kwanza sokoni Buguruni. Muuzaji akatuonyesha "mninga" uliokuwa paina iliyopakwa rangi nyekundu, macho yake yakitutazama chini ya rangi. Nikauliza kama umekauka. "Mkavu huo, mzee wangu, una wiki mbili." Mtiki ulikuwapo, mzuri, wa mashamba ya Tanga, ila vipande vyembamba vya miti iliyokatwa mapema. Mninga wa kweli alikuwa nao kidogo, ndani, na bei yake aliitaja kwa sauti ya chini mpwa wangu asiisikie.

Tukaenda kwa mtoto wa Mzee, ambaye ana karakana Tegeta na anatengeneza makabati ya jikoni ya emu-dii-efu. Ana mashine inayobandika utepe kwenye kingo ili maji yasiingie, na wateja wanampigia simu hadi usiku. Nilimweleza habari ya kiwiko. Akasema anaijua, alilelewa nayo, na akampima mpwa wangu palepale, bila kuombwa: inchi 25. Hiyo akaahidi kuifuata. Lakini mninga akakataa.

"Anko, nyie mlipohamia Mbezi ile meza iliingiaje?"

Iliingia kwa watu wanne, baada ya kung'oa fremu ya mlango.

"Huyu binti atapanga chumba, atahama, atapanga kingine. Anahitaji meza inayofunguka na kulala kwenye kirikuu pamoja na godoro. Baba alitengeneza meza za watu wasiohama." Akaandika 25 kwenye kipande cha chipubodi, akaniuliza ataweka na tundu la nyaya au siku hizi kila kitu ni bluetooth. Mpwa akasema tundu liwekwe, la chaja.