Nyacheki, Barabara Isiyofungwa

Kwa miaka mingi sasa Jumapili ya mwisho ya Oktoba imekuwa siku ya miguu jijini Nairobi. Polisi huweka vizuizi mapema, magari hugeuzwa, na maelfu ya watu wenye namba kifuani hukusanyika kabla jua halijachomoza. Mbio hizo za marathoni zilianza mwaka 2003. Mwaka 2022 zilipandishwa hadi kwenye ile barabara ya juu ya kulipia, na sisi tusiowania zawadi tukapata kukanyaga kwa raba mahali ambapo siku nyingine zote mtu wa miguu hatakiwi kuonekana. Ni raha ya aina yake. Mji uliozoea kuuona kupitia dirisha la matatu unauona uko chini yako, hauna honi, hauna moshi, na sauti inayosikika ni ya nyayo na pumzi za watu.

Nazipenda mbio za barabarani na nimezifuata hadi mbali. Nimefika Lewa, kule Meru, ambako tangu mwaka 2000 watu hukimbia ndani ya hifadhi ya wanyama, kwenye njia za vumbi, mzunguko wa kilomita 21 ambao mwenye kutaka marathoni nzima huurudia mara ya pili. Askari wa wanyamapori husimama njiani na helikopta huzunguka juu ili simba na vifaru wakae mbali na wakimbiaji. Nimezunguka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako kilima kikiisha kingine kinakusubiri. Nimevuka mpaka hadi Moshi kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon, nikapanda kuelekea Mweka na wenzangu wa nusu marathoni, migomba huku na huku, na watu wametoka majumbani kutupokea.

Zote ni mbio nzuri na nitazirudia nikijaliwa. Lakini mgeni akiniomba nimpeleke mahali aonje kukimbia kwenyewe, sitamtajia hata mojawapo. Nitamtajia Nyacheki, ambako hakuna anayekufungia barabara.

Nyacheki ni soko na wadi katika eneobunge la Bobasi, Kaunti ya Kisii, upande wa kusini ambako milima ya Abagusii inaanza kulegea kuelekea nyanda za Trans Mara. Anayetoka Nairobi hupita Narok, Bomet na Sotik, na akishafika Keroka, mji uliokaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, ataona nchi imebadilika sura. Uwanda umekwisha. Kila kipande cha ardhi kimeinama, na kila kilichoinama kimelimwa. Chai, migomba, mahindi, miparachichi, majani ya ng'ombe, halafu nyumba, halafu chai tena. Mashamba yamekatwa membamba kutoka mgongo wa mlima hadi kijito kilicho bondeni, kila mwana apate sehemu ya juu ya kujenga na ya chini ya kuteka maji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti hii, karibu 960 kwa kila kilomita ya mraba. Kwa mkimbiaji maana yake ni moja: hutakuwa peke yako kamwe.

Natoka saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ungali umelala mabondeni na vilele vikitokeza juu yake. Mvua ya huku ina desturi yake. Unyevu wa Ziwa Victoria hupanda na joto la mchana, ukagota milimani, na alasiri ngurumo zinaanza. Mara nyingine huja mvua ya mawe inayochana majani ya chai na kumtia mkulima hasara ya wiki nzima. Kwa hiyo kazi zote za nje, kukimbia kukiwemo, hufanywa asubuhi. Wachumaji wa chai huwa wameshanitangulia. Wamefunga plastiki kiunoni kwa sababu ya umande, wana vikapu mgongoni, na mikono yote miwili inakwenda kwa pamoja: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hadi kiganja kijae, kisha fungu zima linarushwa nyuma ya bega bila kuangaliwa na linatua kikapuni. Nimesimama mara nyingi kuwatazama nikijifanya nafunga kamba za viatu. Mwendo wao hauna haraka wala hauna kituo. Mkimbiaji yeyote wa masafa marefu angetamani kuwa na mwendo kama huo.

Barabara za hapa ni za namna mbili. Ziko zinazofuata mgongo wa mlima, na hizo ni rafiki, zinapanda na kushuka kwa upole. Na ziko zinazokata kwenda mgongo wa pili. Hizo zinateremka moja kwa moja hadi mtoni, kwenye karavati au kidaraja kati ya mikaratusi, kisha zinapanda upande wa pili bila kona ya kukupa nafuu. Lami imefika baadhi. Nyingine ni changarawe, nyingine udongo mwekundu ambao ukinyeshewa huganda kwenye soli mpaka kila mguu unakuwa na uzito wake. Mteremko ndio unaoumiza mapaja. Mlima unachukua pumzi tu, na pumzi hurudi.

Kwenye barabara hizi saa ya mkononi haina la kukuambia. Nairobi naweza kupanga kila kilomita niimalize kwa dakika zilezile na nikafaulu. Nyacheki kilomita moja ya kuteremka huisha upesi mno, na inayofuata ya kupanda huchukua karibu muda maradufu, ingawa nimejitahidi vilevile. Hapa ndipo nilipojifunza kupima mbio kwa kifua: je, naweza kutamka sentensi nzima? Nikiweza, mwendo ni sawa. Nikishindwa, nafupisha hatua, nainamia mlima kidogo, naacha mikono ifanye sehemu yake. Somo hilo ndilo lililonivusha vilima vya Ndakaini, na ndilo lililonifaa Moshi wakati waliotoka kwa kasi uwanjani walipoanza kutembea.

Na kuzungumza utazungumza, kwa sababu huku mtu mzima hapiti bila kusalimu. Kuna asubuhi nilimkuta bibi mmoja amesimama langoni kwake, furushi la wimbi miguuni.

"Bwakire, magokoro," nikamwamkia bibi kwa Kigusii.

"Bwakire, mwanangu. Kuna nini huko mbele?"

Aliuliza kwa wasiwasi wa kweli. Mtu mzima akionekana anakimbia kijijini, kwa kawaida kuna mgonjwa, au moto, au ng'ombe ameibwa.

"Hakuna jambo, magokoro. Nafanya mazoezi tu."

Akanitazama akaridhika. "Unafika sokoni?"

"Nafika."

"Basi mwambie kijana wa kinu asifunge, nakuja na wimbi wangu. Mwambie ni mimi wa hapa juu."

Niliufikisha ujumbe nikihema, na kijana wa kinu akautambua mara moja bila kuuliza jina. Katika mbio zote nilizolipia sijawahi kutumwa. Pale nilipewa kazi na barabara, nikawa sehemu ya asubuhi ya watu wengine, na kilomita zile zilipita nyepesi kuliko nilivyozoea.

Wanafunzi nao ni habari nyingine. Wanatoka vichochoroni wawili wawili, sweta za shule, mabegi yanadundadunda, na mmoja akikuona tu anaanza kukimbia kando yako. Hashindani nawe, anakusindikiza. Anakuuliza unatoka wapi, unakwenda wapi, nyumbani kwenu ni kwa nani, na yote hayo anayauliza akiwa anapanda mlima bila kukatika sauti. Kengele ikisikika ng'ambo ya bonde, anakuacha hapo hapo na kupotea mbele. Ukimwona mtoto wa miaka tisa anavyopanda mlima ule na begi lake, hutashangaa tena unapoisoma historia ya riadha ya Kenya.

Kwa sababu historia hiyo ilianzia huku, na naona vibaya kwamba inasahaulika. Siku hizi anayetaka kuona chimbuko la wakimbiaji wa Kenya huelekezwa Iten, na Iten inastahili sifa zake. Lakini kabla Iten haijajulikana, Nyandika Maiyoro, mwana wa Gusii, alikuwa amekimbia Vancouver mwaka 1954 kwenye mashindano ya Dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola, akawa wa nne katika maili tatu. Akaenda Olimpiki ya Melbourne 1956 akawa wa saba katika mita 5,000, na Roma 1960 akawa wa sita. Nchi ilikuwa bado koloni. Kisha akaja Naftali Temu, mtu wa Nyamira, ambaye tarehe 13 Oktoba 1968, katika hewa nyepesi ya Mexico City, alimpita Mamo Wolde wa Ethiopia mwishoni mwa mita 10,000 na kuipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Munich 1972, Kenya iliposhinda mbio za kupokezana za mita 400 mara nne, watatu kati ya wale wanne walikuwa wa Gusii: Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko, pamoja na Julius Sang. Yobes Ondieki alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, Oslo, Julai 1993. Lameck Aguta alishinda Boston mwaka 1997, Ondoro Osoro akashinda Chicago mwaka 1998 kwa saa 2:06:54. Na Mary Moraa, binti wa Kisii, akawa bingwa wa dunia wa mita 800 huko Budapest mwaka 2023. Ukoo wa namna hii haukutoka kwenye uwanda.

Kuna mambo ya kuyaangalia. Vijana wa bodaboda hubeba mikungu ya ndizi hadi pikipiki isionekane, na kwenye mteremko wengi huzima injini kuokoa petroli. Husikii kitu mpaka upepo wake umekugusa. Kwa hiyo muziki masikioni ni mwiko. Masikio ni ya barabara. Lami nayo mara nyingi imewekwa hadi ukingo wa mtaro, isiache hata hatua mbili za mtu wa miguu, ilhali watu wa miguu ndio wengi. Watoto wale wanaokimbia shuleni wanastahili ukanda wao, na natamani kila mkandarasi anayekabidhiwa kilomita za Bobasi apewe sharti hilo kabla ya kumwaga changarawe ya kwanza.

Jumamosi ni siku tofauti. Waadventista ni wengi Gusii, na asubuhi ya Sabato barabara hujaa familia zilizovaa vizuri, Biblia na kitabu cha nyimbo mkononi, zikienda kanisani kwa miguu. Mashamba ya wengi hayana mtu. Siku hiyo natembea nao, au nakimbia mapema na kurudi kabla hawajatoka, maana si adabu kumrushia matope mtu aendaye kusali. Mbio ndefu naziweka Jumapili. Wakati huo wenzangu wa Nairobi wanasimama nyuma ya mstari wakisubiri baragumu, nami napita kwenye kituo cha chai ambako majani yametandazwa mezani yakichambuliwa, karani ananing'iniza gunia kwenye mizani ya kielektroniki, na risiti inachomoka kabla gunia halijatulia.

Baada ya mbio kuna kula, na chakula cha huku ni cha mkimbiaji bila kuambiwa. Ndizi za kupikwa, ugali wa wimbi mweusi unaokaa tumboni hadi jioni, mboga ya chinsaga iliyochemshwa taratibu na kutiwa maziwa hadi uchungu wake ulainike, parachichi ambalo halikununuliwa bali limeokotwa chini ya mti. Nikiwa na haraka, chai ya maziwa na ndizi mbivu hunitosha. Chai hiyo imetoka kwenye miteremko niliyoipita asubuhi, na naweza kuonyesha kwa kidole.

Anayetaka kuja aje Januari au Februari, kabla ya mvua za masika. Wakati huo njia za udongo hushika vizuri na asubuhi huwa wazi. Mahali pa kulala ni rahisi kupata Kisii mjini, na magari ya kuja huku yapo tangu alfajiri. Avae rangi inayoonekana kwa mbali, asalimie kila mtu, akubali kutumwa. Siku za kwanza ashike njia za mgongoni, upande wa Nyamache. Ile ya kuelekea Nyangusu, ambako milima inaachia na nyasi za Trans Mara zinaanza kuonekana mbele, aiweke siku ya mwisho, miguu ikishazoea.