Siku mbili Kigoma, na swali la dogo

Wikiendi ikikaribia kila kijana anataja Zanzibar. Sawa, Zanzibar bomba! Lakini mdogo wangu anayesoma Tabora alishuka basi Kigoma Ijumaa usiku, na Jumamosi nikampeleka Ujiji kwa daladala.

Tukafika kwenye mnara wa kumbukumbu, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Dogo akaangaza macho: "Kaka, ziwa liko wapi?" Swali la maana. Enzi hizo maji yalikuwa jirani kabisa. Sasa inabidi uteremke kwa miguu. Ila kilichomnyamazisha dogo ni kusikia kwamba misafara ya Bagamoyo ilifika hapa kutafuta pembe, na baadhi ya waliozibeba kurudi pwani walikuwa watumwa.

Jumapili ikawa ya kujirusha. Tukaoga ziwani, maji maangavu mpaka unahesabu vidole vya miguu, kumbe ziwa lenyewe lina kina cha zaidi ya mita 1,400! Sokwe wa Gombe tuliwaacha, mfuko wa mwanafunzi mnaujua.

Halafu mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo, acha kabisa. Mama aliyetupikia akakumbuka mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane.

"Tuliumia, wanangu. Lakini wakiisha nitawauzia nini?"

Usiku ule mwezi haukuwepo. Taa za wavuvi wa dagaa zikatapakaa ziwani kama mji mzima umehamia majini, na dogo akagoma kwenda kulala.