Ubishoo Haupandi Kitonga

Kama hujawahi kupita Mlima Kitonga, basi Tanzania hujaimaliza. Ukitoka Dar unapita Chalinze na Morogoro, unakatiza Mbuga ya Mikumi ambako twiga wanakuangalia kama konda anavyomwangalia denti, kisha unaibukia Ruaha Mbuyuni. Joto kali, mibuyu, na vitunguu vimepangwa kando ya lami. Mbele yako kuna mlima, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili shimo.

Nilifika hapo na mkoko wa mjomba, nikimpeleka mama Iringa. Bibi alikuwa mahututi. Kabla hatujaondoka mjomba aliniuliza, "Umecheki maji na oili?" Nikamjibu, "Tayari, mjomba." Uongo mtupu! Nilichocheki ni muziki na miwani yangu ya jua.

Katikati ya mlima mshale wa joto ukagusa nyekundu. Nikapaki pembeni, mvuke unafuka. Nikakimbilia mfuniko wa rejeta, lakini utingo wa lori lililosimama nyuma yetu akanidaka mkono.

"We dogo, unataka kuiva uso?"

Akanipa somo. Maji ya rejeta yamebanwa kwa presha, yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua tu, yanakurukia. Na ukimwaga maji baridi kwenye injini ya moto, silinda hedi inaweza kupasuka. Dawa ni kusubiri.

Tulisubiri saa nzima. Mama hakunigombeza. Alikaa juu ya jiwe, macho kwenye barabara ya Iringa. Bora angenigombeza.

Injini ilipopoa tukafungua taratibu, kwa kitambaa. Rejeta kavu! Utingo akajaza maji ya dumu lake, akaniambia nikifika mjini nitafute palipovuja na niweke kulanti. Akachomoa na stiki ya oili, akaifuta, akairudisha, akaichomoa tena. Oili ikae kati ya alama mbili, gari likiwa limezimwa mahali tambarare. Ikizidi nayo ni noma.

Akaangalia kichupa cha mafuta ya breki. "Haya yakishuka usijaze tu ukasepa. Ama pedi zimekwisha, ama panavuja. Na ukirudi, teremka na gia nzito. Ukikanyaga breki mlima mzima, mafuta yanachemka, pedali inazama."

Nilimpa hela ya soda, akakataa.

Tulifika Iringa usiku. Bibi alimtambua mama, wakashikana mikono. Alfajiri akafariki. Ile saa niliyoipoteza Kitonga haikuwa yangu, ilikuwa yao wawili. Mama hajawahi kuitaja mpaka leo.

Kwa hiyo mshikaji, kabla ya safari fungua boneti asubuhi, injini ikiwa baridi. Maji, oili, mafuta ya breki. Dakika 5 tu. Halafu ndio uvae miwani.